Taa za sola ndizo zinazomaliza dagaa wa Kigoma, au tunaisingizia taa?

#1 Mwalo_Kibirizi

Wakuu, salaam.

Kila giza (zile siku zisizo na mbalamwezi, tunapovua) likiisha, mwaloni malalamiko ni yaleyale: dagaa wamepungua, mgebuka, samaki anayemla dagaa, ndiyo usiseme. Na siku hizi mshitakiwa ni mmoja tu, taa ya sola. Eti tangu karabai, taa ya mafuta ya kupiga pampu, iwekwe kando na LED zishike kazi, samaki wamehamia upande wa Kongo.

Mimi nasema taa tunaisingizia. Ziwa hili la Tanganyika limevuliwa kwa mwanga kabla hata reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Wazee walikuwa wanawasha kuni mbele ya mtumbwi na kuchota dagaa kwa lusenga. Karabai imekuja miaka ya 1950, LED ni ya juzi. Mwanga ulikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni wavu ulio chini ya mwanga: ukubwa wake, uzi wake, na injini inayoupeleka mbali.

Wanaojua historia ya uvuvi huu na wanaoijua kazi yenyewe watiririke hapa. Naomba maelezo, si "nimesikia".

#2 Lumbu_Mkavu

LED ndiyo mchawi, usiitetee. Karabai ilimulika eneo dogo, hii inamulika mpaka chini. Samaki wa eneo zima wanakusanywa sehemu moja, wanakombwa. Hilo halihitaji historia.

#3 Fundi_Karabai

#2 uko sahihi nusu. Tutenganishe wingi wa mwanga na rangi ya mwanga.

Karabai ya kawaida inakula lita moja ya mafuta ya taa kwa saa nane hivi. Kuiwasha kuna utaratibu wake: spiriti kwanza kwenye kikombe, iache iungue mpaka bomba la mvuke lipate moto, ndipo upige pampu. Ukiharakisha, mafuta yanafika juu yakiwa bado majimaji, moto unapanda mwekundu wenye moshi, kioo kinakuwa cheusi. Ile soksi, kitambaa kinachotoa mwanga, ikishaungua mara ya kwanza inabaki majivu yaliyoshikana tu. Mtumbwi ukipigwa wimbi vibaya, imebomoka. Tone la maji likigusa kioo cha moto, kinapasuka. Nozeli ikiziba kwa uchafu wa mafuta, taa inafifia na kuwaka, inafifia na kuwaka. Ndiyo maana kipe (mitumbwi iliyounganishwa na wavu wake) chenye karabai nane hakikuwa na mwanga wa karabai nane usiku kucha.

Halafu mwanga wake ni wa njano. LED nyeupe ina bluu nyingi ndani yake. Maji ya Tanganyika ni maangavu sana, na kwenye maji kama hayo wekundu unamezwa mita chache za juu, bluu na kijani ndizo zinazoshuka mbali. Kwa hiyo hata zikilingana mwangaza hewani, LED inafika chini zaidi.

Lakini iliyoishindisha LED ni hesabu. Karabai nane kwa saa kumi ni lita kumi za mafuta kila usiku. LED nane za wati 20 ni wati 160. Kwa saa kumi ni wati-saa 1,600, sawa na ampea-saa kama 133 kwenye volti 12. Betri moja ya ampea-saa 150 inamaliza usiku, mchana jua linairudishia.

#4 Sola_Gungu

#3 hesabu ya taa ni sawa, ya betri siyo. Betri ya maji au jeli usiitumie zaidi ya nusu ya ujazo wake. Ukiikausha kila usiku itakufa kabla hujarudisha pesa yake. Kwa ampea-saa 133 unahitaji 270 hivi, yaani mbili za 150. Ya lithiamu ndiyo unaweza kuitumia mpaka asilimia 80, hapo 170 inatosha.

Na paneli: wati-saa 1,600 ukigawa kwa saa tano za jua zuri, ongeza kinachopotea njiani, unahitaji wati 400 na ushee. Wengi wanafunga paneli ya wati 150, siku ya tatu taa zinakufa saa saba usiku, lawama anapewa aliyeuza betri. Kinachoua LED zenyewe ni maji kuingia kwenye maungio. Usifunge waya kwa gundi ya karatasi. Lehemu, kisha mpira wa kubana kwa moto, kisha silikoni.

#5 Ujiji_Kale

Nyongeza kwa #1. Lusenga ni wavu wa kuchotea: mti umepindwa kuwa duara, mfuko wa wavu umeshonewa humo, mpini mrefu. Moto unawaka mbele ya mtumbwi, mmoja anasukuma kasia polepole, dagaa wakipanda na maji yakaanza kuchemka kwenye mwanga, mchotaji anapitisha lusenga chini yao na kunyanyua. Mpaka wa njia hii ulikuwa urefu wa mkono na mpini. Dagaa aliye mita kumi chini alikuwa salama hata moto uwe mkubwa namna gani.

Mageuzi yamekuja miaka ya 1950, na yalishika kasi kwanza upande wa Burundi: karabai, wavu wa kuinua katikati ya mitumbwi iliyounganishwa, na wavuvi Wagiriki wa Usumbura (Bujumbura ya leo) walioleta meli za wavu wa kuzungushia. Huku kwetu ulioota mizizi ni wavu wa kuinua. Nailoni nayo ikachukua nafasi ya pamba, na wavu wa nailoni hauozi, hauhitaji kuanikwa kila asubuhi.

Sasa angalia: karabai na wavu mkubwa vimeingia kwa mlango mmoja, kipindi kimoja. Huwezi kuvitenganisha halafu ukashitaki kimoja na kukiachia kingine.

#6 Mwalo_Kibirizi

Asante mzee wangu. Lakini moto bila wavu mkubwa haukumaliza kitu. Wewe mwenyewe umesema mpaka ulikuwa mkono. Hoja yangu bado imesimama.

#7 Nahodha_Katonga

Wengi humu mnaizungumza kipe kama mnavyoiona ikiwa imepaki. Tuiangalie kazini.

Unatoka jua halijazama, ili giza likukute kamba zimeshapangwa. Mitumbwi miwili imeshikanishwa kwa miti, katikati pana nafasi. Wavu ni kama shuka kubwa lenye tumbo, una kamba kwenye pembe na uzito wa kuuzamisha. Wavu unashushwa, taa zinawashwa zote, mnasubiri. Inaweza kuwa saa mbili, inaweza kuwa nne. Dagaa hawaji moja kwa moja chini ya taa. Kwanza wanazunguka ukingoni, pale mwanga unapokutana na giza, na wengi wako chini huwaoni. Ndipo unazima taa za nje, moja baada ya nyingine, taratibu, unabakiza ya katikati. Wanajikusanya. Hapo wavu unapanda, pembe zote kwa mwendo mmoja.

Pembe moja ikichelewa, tumbo linalala upande na dagaa wanamwagika kama maji. Mkondo ukiwa mkali, wavu unasukumwa pembeni, mnainua mahali ambapo taa haipo. Ukizima taa kwa pupa, wanatawanyika. Mgebuka akiingia mapema anawachapa, kundi linapasuka. Na mwezi ukichomoza, taa yako inakuwa kama haipo, ndiyo maana tunavua kwenye giza na kupumzika mbalamwezi.

Kuhusu mjadala: kosa si kina cha mwanga wala rangi. Ni mashindano. Vipe viko karibu karibu. Mwenye taa nane akikaa jirani na mwenye ishirini, samaki wote wanaenda kwa ishirini. Giza lijalo wa nane naye ana ishirini na tano. Jumla ya dagaa ni ileile, kila mtu ameongeza gharama, kisha kila mtu analalamika kipato kimeshuka. Mnaita ziwa limeisha kumbe mmegawana kilekile kwa watu wengi.

#8 Mwanga_Asubuhi

#7 umemaliza. Uzi ufungwe.

#9 Mtoto_wa_Bangwe

Usifungwe bado. Si dagaa ndio watoto wa mgebuka? Tukivua watoto, wakubwa watatoka wapi? Mbona jibu liko wazi.

#10 Bluu_Kina

#9 hapana, ndugu yangu. Dagaa ni samaki wazima wa jamii ya sadini. Wako wa aina mbili: dagaa wenyewe, Stolothrissa tanganicae, anayefika kama sentimita 10, na lumbu, Limnothrissa miodon, anayekua zaidi. Mgebuka ni Lates stappersii, ukoo mmoja na sangara. Uhusiano wao ni wa chakula: huku kaskazini mgebuka anamla sana dagaa, kule kusini mwa ziwa anategemea zaidi kamba wadogo. Kweli mgebuka mchanga anaingia kwenye wavu wa dagaa, na hilo ni tatizo, ila si kwamba dagaa atakua awe mgebuka.

Kuhusu taa: vijidudu vinavyoliwa na dagaa vinashuka chini mchana na kupanda usiku. Dagaa anavifuata. Anakula kwa kuona, kwa hiyo mwanga unamwekea meza. Mgebuka anafuata dagaa. Taa haiumbi samaki wala haimalizi samaki, inawasogeza tu.

Sababu kubwa ambayo hakuna aliyeitaja ni ziwa kupata joto. Lina kina cha mita 1,470, lakini hewa ya kupumua samaki inaishia mita 100 na kitu huku kaskazini, kama 200 kule kusini. Rutuba yote imelala chini ya hapo. Inapandishwa na upepo wa kusini, ule wa Mei hadi Septemba. Maji ya juu yakiwa na joto zaidi yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya yale ya baridi, na upepo unashindwa kuyachanganya. Rutuba ikibaki chini, vijidudu vinapungua, dagaa anapungua.

#11 Lumbu_Mkavu

Joto mmelipima wapi? Maji ni yaleyale, asubuhi yanauma mifupa.

#12 Bluu_Kina

Vipimo vipo vya karibu karne nzima. Mwaka 2003 watafiti walichapisha kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya majini umeshuka kwa takribani asilimia 20, na wakakadiria hilo ni sawa na kushuka kwa mavuno ya samaki kama asilimia 30. Mwaka 2016 wengine wakachimba tope la chini ya ziwa, tabaka kwa tabaka, wakahesabu mabaki ya samaki: kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Yaani kabla ya karabai ya #3 na kabla ya nailoni ya #5.

#13 Ujiji_Kale

Hilo la tope ni zito, silipingi. Lakini kuanza ni kitu kimoja, kuongeza ni kingine. Meli za kuzungushia za Burundi ziliporomoka miaka ya 1990 baada ya miongo michache tu ya kazi. Joto haliporomoshi meli za upande mmoja kwa kasi hiyo. Pale pana mkono wa binadamu.

#14 Nahodha_Katonga

Na joto halielezi kwa nini giza hili limekuwa baya na lililopita lilikuwa zuri, maji yakiwa yaleyale.

#15 Bluu_Kina

#14 hilo linaelezeka. Upepo wa kusini ukivuma kwa miezi unasukuma maji ya joto ya juu kuelekea kaskazini. Ukikoma, yanarudi, halafu yanaenda tena, kama beseni lililobebwa na mtu anayetembea. Mzunguko mmoja ni wiki kadhaa, karibu mwezi. Kwa hiyo rutuba inapanda hapa, inashuka, inapanda kule Kalya, kusini kwetu. Kibirizi wakikosa, haina maana ziwa zima limekosa.

#16 Mama_Vichanja

Wanaume mnahesabu taa tu. Njooni kwenye chanja.

Dagaa wabichi kilo tatu mpaka nne zinatoa kilo moja kavu. Ukianika mchangani, mchanga unaingia tumboni mwa samaki, mnunuzi wa Dar anajua kwa jino moja, bei inashuka. Kwenye chanja ya wavu wa chuma, kimo cha kiuno, hewa inapita juu na chini. Usimwage nene: safu moja, samaki wasilaliane, ugeuze kabla ya saa sita. Jua likiwa zuri, jioni wamekauka. Kipimo chake ni kumvunja: akikatika kwa mlio, tayari, akipinda, bado ana maji shingoni na gunia litapata ukungu. Masika mvua ikikupata saa nane mchana, huna pa kupeleka, kundi zima linaoza au linauzwa kama chakula cha kuku.

Kwa hiyo kabla ya kugombania taa, hesabuni kinachooza nchi kavu. Mkiokoa hicho, ni sawa na kuongeza dagaa ziwani bila kushusha wavu.

#17 Ziwa_Victoria_Damu

Huku Mwanza tunaanika mchangani na dagaa wanaliwa. Dagaa ni dagaa.

#18 Mama_Vichanja

Mwanangu wa Mwanza, karibu, ila dagaa wako si ndugu wa huyu. Wa kwenu ni Rastrineobola, ukoo wa kambare wa kizungu wale wa kufugwa. Wa Kigoma ni sadini. Ndiyo maana hata mafuta yake ni mengine.

#19 Bluu_Kina

Mama yuko sahihi kwenye samaki, isipokuwa huyo wa kufugwa ni samaki aitwaye kapu (carp), hana undugu na kambare.

#20 Mtoto_wa_Bangwe

Vipi kuhusu kufunga ziwa? Mwaka 2024 tulifunga tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Kulisaidia?

#21 Mwalo_Kibirizi

Lilipofunguliwa watu walisema samaki ni wengi. Lakini wavu wa kuinua ukirudi na taa ishirini na tano za #7, faida inaliwa haraka.

#22 Bluu_Kina

Angalia umri wa samaki. Dagaa anaishi kama mwaka mmoja. Ukimpumzisha miezi mitatu anajaza haraka, na ukirudi kwa nguvu ileile anashuka haraka vilevile. Mgebuka anachelewa kukomaa, kwake miezi mitatu ni mapumziko mafupi. Na ziwa ni la nchi nne: Kongo ina kama asilimia 45, sisi 41, Burundi na Zambia wanagawana kilichobaki. Ndiyo maana kuna mkataba wa 2003 uliosainiwa Dar es Salaam na mamlaka ya pamoja yenye makao Bujumbura. Upande mmoja ukifunga peke yake, samaki hajui mpaka.

#23 Mama_Vichanja

Na mwanamke wa chanja hana akiba ya miezi mitatu. Hilo nalo muliandike.

#24 Sola_Gungu

Kuna wazo jingine. Kenya, kwenye mito ya milima ya Aberdare, trauti waliletwa mwaka 1905 kutoka Uskoti, wakapandikizwa mto Gura, na wavuvi wa fimbo wakawekewa leseni, idadi ya samaki kwa siku na kipimo cha chini cha urefu. Mto ukidhoofika, vifaranga vinaletwa kutoka bwawa la kuzalishia. Kwa nini sisi tusihesabu hivyo: idadi ya taa kwa kipe, na ukomo wa vipe kwa mwalo?

#25 Nahodha_Katonga

Ukomo wa taa naunga mkono, ndicho nilichokuwa nasema. Ila mfano wa trauti hauji huku. Kule ni mto unaouona ng'ambo, mtu mmoja na fimbo moja, na samaki akipungua unamwaga wengine. Dagaa humwagi.

#26 Ujiji_Kale

Amemwagwa, mkuu. Lumbu wa ziwa hili walipelekwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha bwawa la Kariba mwaka 1967 na 1968. Kote wameshika na leo ni uvuvi mkubwa. Tofauti ni kwamba walipelekwa kwenye maji ambayo hayakuwa na samaki wa namna hiyo katikati ya ziwa. Huku meza imeshajaa, na mgebuka amekaa anasubiri. Kwa hiyo kwenye hitimisho tuko pamoja, kwenye sababu hapana.

#27 Lumbu_Mkavu

Mmezunguka Kivu na Kariba, swali la taa hamjalijibu. Nani ana ushahidi LED inavua zaidi ya karabai, mambo mengine yakiwa sawa?

#28 Fundi_Karabai

Swali zuri, na linapimika. Vipe viwili, nyavu za ukubwa na tundu moja, giza moja, eneo moja, viachane umbali ambao mwanga wa mmoja haufiki kwa mwingine. Kimoja karabai, kingine LED. Kila usiku vibadilishane nafasi, maana mkondo haugawi sawa.

#29 Sola_Gungu

Viwe vitatu. Cha tatu kiwe na LED za njano zenye mwangaza sawa na karabai. Bila hicho hutajua kama kilichoongeza ni rangi au wingi. Na zipangwe kimo kilekile juu ya maji, maana taa ikiinuliwa duara linapanuka lakini mwanga unapungua nguvu, ikishushwa sana unapata kidoa kidogo chenye ukali.

#30 Nahodha_Katonga

Na mshauriane saa ya kushusha na saa ya kuinua iwe moja kwa vyote. Mvuvi mzoefu anainua kwa macho, akiona wamejaa. Mkimwachia, mtapima nahodha badala ya taa.

#31 Mama_Vichanja

Mzani uwe mwaloni, dagaa wapimwe wabichi kwa kilo kabla hawajafika kwangu, na lumbu, dagaa na mgebuka mchanga vitengwe. Msihesabu kwa ndoo. Ndoo ya lumbu na ndoo ya dagaa hazina uzito mmoja, na ndoo iliyokaa jua la saa tatu imeshapoteza maji.